Kwa nini Doa Jekundu la Mshtarii huonekana jeupe kwenye picha nyingine

Mwalimu mmoja wa fizikia wa sekondari huko Ujiji ameniandikia hivi: "Wanafunzi wangu wamepakua picha mbili za sayari ya Mshtarii. Kwenye ya kwanza lile doa kubwa ni jekundu kama tulivyozoea kuliona vitabuni. Kwenye ya pili sayari karibu yote ni nyeusi, halafu doa lilelile linang'aa jeupe, na ncha za kaskazini na kusini nazo zinang'aa. Wameniuliza picha ipi ni ya kweli, nikashindwa kuwajibu kwa uhakika. Na hao wataalamu wanajuaje wingu lipi liko juu na lipi liko chini, wakati hakuna mtu aliyewahi kufika huko?"

Mwalimu, habari za Ujiji. Picha zote mbili ni za kweli. Hiyo ya pili imepigwa kupitia kichujio cha methani, yaani kinachopitisha mwanga ule tu ambao gesi ya methani huufyonza, na kile ambacho wanafunzi wako wamekiona kama doa, ile dhoruba kubwa ya mawingu, kubadilika rangi ni kipimo cha kimo cha mawingu. Kwenye picha ya namna hiyo, panapong'aa pana kitu kilicho juu, na palipo peusi mwanga umeshuka mbali ukapotelea njiani. Ukiwapa jibu hilo peke yake watalikariri tu, kwa hiyo tulifuate tangu mwanzo.

Simu ya mkononi hupiga picha ya rangi kwa sababu juu ya kila chembe ya kihisio chake pamewekwa kichujio kidogo sana cha nyekundu, kijani au buluu. Kamera nyingi za vyombo vya anga hazijatengenezwa hivyo. Kihisio chake hupima wingi wa mwanga tu, na mbele yake kuna gurudumu lenye vichujio. Gurudumu huzunguka, kichujio kimoja hukaa mbele ya kihisio, picha hupigwa, kisha huja kingine. Chombo cha Galileo, kilichoingia kwenye mzunguko wa Mshtarii Desemba 1995, kilikuwa na nafasi nane kwenye gurudumu lake: moja ya mwanga wote, moja ya urujuani, moja ya kijani, moja ya nyekundu, na nne za mwanga ulio ukingoni mwa nyekundu au ng'ambo yake, ambako jicho la binadamu linaona kwa shida au halioni kabisa. Kila picha iliyotoka humo ilikuwa nyeusi na nyeupe. Picha ya rangi tunayoiona vitabuni imeunganishwa baadaye kutoka kwenye picha tatu.

Kwa nini wajisumbue na mwanga usioonekana? Ziwa lenu litatusaidia hapa. Mkiwa kwenye mtumbwi nje kidogo ya Kibirizi, mahali maji ni maangavu, fungeni kitambaa chekundu na cha buluu kwenye kamba moja yenye jiwe, mteremshe taratibu. Mita za mwanzo vyote viwili vinaonekana. Mkizidi kushusha, chekundu kinafifia, kinakuwa kama kahawia, halafu cheusi, wakati cha buluu bado mnakitambua. Maji hufyonza mwanga mwekundu haraka kuliko wa buluu, na hapa mwanga unalipa mara mbili: unaposhuka hadi kwenye kitambaa na unaporudi hadi machoni. Sasa fikiria mtu amekaa mtumbwini, anajua kwa vipimo maji hayo hufyonza wekundu kiasi gani kwa kila mita. Hana haja ya kupima kamba. Akilinganisha wekundu uliorudi na ubuluu uliorudi, anaweza kukadiria kitambaa kiko kina gani.

Kwenye Mshtarii kazi hiyo hufanywa na gesi ya methani. Hewa ya huko kwa sehemu kubwa ni haidrojeni na heli, na methani ni kama asilimia 0.2 tu. Lakini methani hiyo ina tabia ya kufyonza vipande fulani vya mwanga na kuacha vingine vipite. Karibu na urefu wa wimbi (kipimo kinachotofautisha rangi moja ya mwanga na nyingine) wa nanomita 889 inafyonza kwa nguvu sana. Kwenye 727 inafyonza kwa wastani. Kwenye 756, palepale jirani, karibu haifyonzi kitu. Waliotengeneza kamera ya Galileo waliweka kichujio kwa kila moja ya sehemu hizo tatu, na hawakuzichagua kwa bahati.

Kuna jambo moja ambalo maelezo mengi ya picha hizi huliruka, nami naliona ndilo roho ya njia yote. Methani inatufaa kupimia kimo kwa sababu kwenye Mshtarii haigandi. Amonia hupanda, hukutana na baridi, hugeuka chembe za barafu na kuwa mawingu, kwa hiyo kiasi chake hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Mvuke wa maji nao ni hivyohivyo. Kwa methani, baridi ya Mshtarii haitoshi kuigandisha, hivyo imechanganyika na hewa kwa uwiano uleule kila upande, chini na juu. Ukijua mwanga umepita kwenye methani kiasi gani, umejua umepita kwenye hewa kiasi gani, na ukijua hivyo umejua wingu lililourudisha liko kwenye kanieneo gani, yaani mkandamizo wa hewa, ambao huzidi kadiri unavyoshuka. Neptuni ni baridi zaidi, na huko methani yenyewe huganda ikawa mawingu. Njia bado inatumika, ila hesabu zake ni ngumu zaidi.

Sasa rudi kwenye picha yako ya pili. Katika 889, mwanga wa jua unaojaribu kushuka chini hufyonzwa karibu wote kabla haujafika mbali. Unaorudi kwenye kamera ni ule tu uliogonga kitu mapema, huko juu. Doa Jekundu Kuu linang'aa kwa sababu kilele cha mawingu yake na utando ulio juu yake vimeinuka kuliko mawingu yanayolizunguka. Ncha za sayari zinang'aa kwa sababu juu yake kuna utando mwembamba, juu kabisa ya mawingu ya kawaida, unaotokana na methani kuvunjwavunjwa na chembe zenye nishati zinazoleta mianga ya nchani. Ukanda wa ikweta nao hung'aa kiasi. Ile mikanda myeusi ni mahali ambapo mawingu yako chini zaidi au ni mepesi.

Wape wanafunzi jambo jingine la kulijadili. Kwenye kichujio cha urujuani doa lilelile huonekana jeusi. Chembe zake hufyonza mwanga wa buluu na urujuani, na hiyo ndiyo sababu jicho huliona jekundu. Kitu kimoja, siku moja, ni cheusi kwenye urujuani na cheupe kwenye methani, bila mgongano wowote: picha ya urujuani inajibu chembe zimetengenezwa na nini, ya methani inajibu ziko kimo gani. Barafu safi ya amonia ni nyeupe, kwa hiyo wekundu lazima utokane na kitu kingine kilichochanganyika nayo. Maabara zimeweza kupata rangi inayofanana kwa kumulika amonia kwa miale ya urujuanimno (iliyo ng'ambo ya urujuani, isiyoonekana kwa jicho) na kuiunganisha na gesi ya asetilini, na watafiti bado wanajadiliana kama hiyo ndiyo habari yote.

Kwa mfano wa darasani, chukua namba za kujitungia. Wingu A lina mng'ao 100 kwenye 756 na 60 kwenye 889. Wingu B lina 100 kwenye 756 na 10 kwenye 889. Lipi liko juu? Watasema A, na watakuwa sahihi. Kisha wape wingu C lenye 30 kwenye 756 na 25 kwenye 889. Hapa wengi watakwama, kwa sababu C ni hafifu kila mahali. Lakini angalia uwiano: karibu mwanga wote uliorudi kwenye 756 umerudi pia kwenye 889. Kwa hiyo C liko juu sana, ila ni jembamba, kama utando. Mng'ao wa picha moja haukuambii kimo. Kinachosema ni uwiano wa picha mbili.

Watafiti wa Galileo walitumia mantiki hiyohiyo kutengeneza zile picha zenye rangi za ajabu ambazo huenda umeziona. Picha ya 756 ilipewa rangi nyekundu, ya 727 kijani, ya 889 buluu, kisha zikapandishwa pamoja. Wingu nene lililo juu linarudisha mwanga kwenye zote tatu, kwa hiyo linatoka jeupe. Wingu lililo chini linaonekana kwenye 756 peke yake, linatoka jekundu. Utando mwembamba wa juu unatoka na ubuluu. Ni ramani ya vimo iliyovikwa rangi, na ukishajua ufunguo wake unaisoma kama unavyosoma ramani ya milima.

Ramani hizo zilileta jambo ambalo mimi huliona ni miongoni mwa matunda makubwa ya safari ile. Mwaka 1996, upande wa kaskazini-magharibi wa Doa Jekundu, Galileo ilipiga eneo lenye vurugu la mawingu. Humo palikuwa na wingu lililong'aa kwenye 756, likafifia kwenye 727, na kwenye 889 halikuonekana. Hesabu zikaliweka kwenye kanieneo ya zaidi ya bari 4. (Bari 1 ni takriban kanieneo ya hewa usawa wa bahari. Hapo Kigoma, kwenye mita zipatazo 770, ni pungufu kidogo.) Mawingu ya amonia ya Mshtarii hukaa juu zaidi, chini kidogo ya nusu bari hadi karibu bari moja. Chini yake, karibu bari 2, nadharia inatarajia mawingu ya mchanganyiko wa amonia na salfa. Kwenye bari 4 na kushuka kuna joto mno kwa hayo yote. Kinachoweza kuganda au kuwa matone hapo ni maji. Baadaye Galileo ikaona radi upande wa usiku, zikihusiana na dhoruba za namna hiyo, na picha ikakamilika: mvua kubwa za radi, zenye nguvu itokayo kwenye mvuke wa maji, chini ya pazia la amonia.

Uzito wa habari hiyo unatokana na kilichotangulia. Tarehe 7 Desemba 1995 Galileo ilikuwa imetumbukiza kichunguzi kidogo ndani ya hewa ya Mshtarii. Kilituma vipimo kwa karibu saa moja, kikafika kanieneo ya bari zipatazo 22, na kikakuta maji machache kuliko yaliyotarajiwa. Darubini za hapa duniani, zikitumia miale ya infraredi (iliyo ng'ambo ya nyekundu), zilionyesha kilikuwa kimeangukia penye upenyo mkavu usio na mawingu mengi, mahali ambapo joto la chini huchomoza nje. Kipimo kimoja cha mahali pamoja kingetufanya tuamini sayari nzima ni kavu. Picha za vichujio zilionyesha maji yako, ila hayakusambaa sawasawa.

Njia hii ina mipaka, na ni vizuri wanafunzi waijue mapema. Wingu nene lenye kilele cha chini, likiwa na utando mwembamba juu yake, linaweza kutoa namba zinazokaribiana na za wingu moja la katikati. Ndiyo maana vinahitajika vichujio zaidi ya viwili, na ndiyo maana chombo hupiga mahali palepale kwa pembe tofauti: mara moja doa likiwa katikati ya sayari, mara nyingine likiwa karibu na ukingo. Kwenye ukingo mwanga hupita kwenye hewa kimshazari, njia inakuwa ndefu, na utando wa juu hujitokeza zaidi. Wingu na utando hubadilika kwa namna tofauti pembe inapobadilika, na hapo ndipo hutenganishwa. Pia kuna kazi ya usafi isiyosifiwa: kuondoa madoa ya kihisio, kusahihisha tofauti ya mwanga wa jua kwa kila kichujio, na kusogeza picha ili zikae sawa. Mshtarii huzunguka mara moja kwa muda usiotimia saa 10, kwa hiyo hata dakika chache kati ya kichujio na kichujio zinatosha kuhamisha mawingu. Usumbufu huohuo una faida yake: picha za kichujio kimoja zikipigwa kwa kupishana saa kadhaa, mawingu yaliyohama hutoa kasi ya upepo, na kwa kuwa kichujio kimekwisha kukwambia kimo, unajua upepo huo ni wa tabaka gani.

Zuhura ni mfano wa kinyume, nami napenda kuusimulia watu wa Kigoma kwa sababu mnaiona vizuri inapokuwa nyota ya jioni juu ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Kwa mwanga wa kawaida mawingu yake ya asidi ya salfa ni kama ukuta uliopakwa chokaa, hayana alama ya kushika. Februari 1974 chombo cha Mariner 10 kilipita karibu nayo kikiwa na kichujio cha urujuanimno, na michirizi mikubwa myeusi yenye umbo kama la mshale uliolala ikajitokeza. Kwa kuifuata, watafiti walithibitisha kwamba mawingu ya juu huizunguka sayari kwa siku kama nne, wakati sayari yenyewe hujizungusha mara moja kwa siku 243. Chombo cha Akatsuki cha Japani, kilichoingia kwenye mzunguko wa Zuhura Desemba 2015, kilibeba kamera ya urujuanimno yenye vichujio viwili, nanomita 283 na 365. Cha kwanza kinashika gesi ya dioksidi ya salfa. Cha pili kinashika kitu kingine kinachofyonza mwanga, ambacho utambulisho wake bado unatafutwa.

Mirihi nisikae nayo sana: kichujio chekundu huonyesha ardhi yake, cha buluu huonyesha mawingu ya barafu ya maji, kwa sababu ardhi ya Mirihi hurudisha mwanga wa buluu kidogo mno na wingu jeupe hujitenga nayo.

Huenda wanafunzi wakasema haya ni mambo ya mbali. Waambie mawingu ya Kigoma yenyewe hupimwa hivyo. Chombo cha DSCOVR, kilichorushwa Februari 2015, kiko umbali wa kilomita milioni 1.5 upande wa jua, na kamera yake iitwayo EPIC imetengenezwa kupiga uso wote wa dunia ulio mchana kupitia vichujio 10. Kimoja ni cha nanomita 764, ambako oksijeni hufyonza kwa nguvu, na kingine ni 780, ambako haifyonzi. Oksijeni hapa inashika nafasi ya methani: imechanganyika sawasawa na haigandi. Uwiano wa picha hizo mbili hutoa kimo cha kilele cha wingu. Msimu wa mvua, mawingu marefu ya radi yakisimama juu ya Ziwa Tanganyika, yanatenganishwa na mawingu ya chini kwa hesabu ileile iliyotumika kwenye Doa Jekundu. Picha za EPIC hutolewa bure, na ziwa lenu linaonekana wazi kama mchirizi mrefu wa giza.

Kwa darasa lako ningependekeza uanze na simu na kipande cha nailoni nyekundu, ile ya kufungia zawadi. Wapige picha ya anga yenye mawingu meupe yaliyotawanyika, mara moja bila nailoni, mara moja nailoni ikiwa mbele ya lenzi, kisha wazigeuze zote ziwe nyeusi na nyeupe. Anga la buluu litakuwa giza na mawingu yatajitokeza kwa nguvu. Wajaribu pia siku yenye ukungu mwembamba, milima ya Kongo ikiwa inaonekana kwa shida: kupitia nailoni itajitokeza zaidi. Huku kwetu Tabora, mwishoni mwa kiangazi misitu ya miombo inapochomwa na anga kujaa moshi na vumbi, nailoni husaidia kidogo tu, kwa sababu chembe kubwa hutawanya rangi zote karibu sawa. Tofauti hiyo peke yake ni somo zima: umetambua ukubwa wa chembe kwa kutumia rangi.

Baada ya hapo waende kwenye picha za JunoCam, kamera ya chombo cha Juno kilichofika Mshtarii Julai 2016. Hii haina gurudumu. Ina vichujio vinne vya buluu, kijani, nyekundu na methani ya 889, vimepangwa kama mistari juu ya kihisio, na chombo chenyewe hujizungusha kama mara mbili kwa dakika hivyo sayari hupita mbele ya kila mstari. Picha zake ghafi ziko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, na wananchi wa kawaida ndio wanaozichakata kwa sehemu kubwa.

Jambo moja la kuwaonya. Picha nyingi zinazosambaa zimeongezwa mng'ao na rangi, kila moja kwa kiwango chake, ili ipendeze. Jicho lingeiona Mshtarii imepauka zaidi ya hapo. Kwa kutazama si vibaya, lakini kwa kupima hazifai, kwa sababu uwiano wa picha mbili zilizorekebishwa kila moja kivyake hauna maana yoyote. Wakitaka namba za kweli watumie data zilizosawazishwa, ambazo NASA huzihifadhi bure kwenye hazina yake ya data za sayari. Na kama mtabandika zile picha mbili ukutani, andikeni chini ya kila moja kichujio chake na urefu wake wa wimbi, herufi kubwa kabisa, ili kidato kitakachofuata kisianze tena kuuliza ipi ni ya kweli, kianze moja kwa moja na kuuliza kwa nini ikweta nayo inang'aa.